Hodi Tatu Kwenye Matope

Kilichoninyima usingizi mwaka ule, kwa wiki tatu mfululizo, ni namba moja ambayo sikuweza kuiandika.

Nyuma ya bandari ya Durban, kati ya reli na yadi za makontena, kulikuwa kumebaki kipande cha mikoko kilichotengwa kuwa hifadhi. Kamati iliyokisimamia iliniomba niwaandikie pendekezo: kwa siku moja waingie wageni wangapi? Kampuni moja ya utalii ilitaka kuwapeleka pale abiria wa meli za watalii, basi zima kwa mara moja. Kamati haikuwa na uwezo hata wa kukarabati uzio, kwa hiyo ilitaka kukubali, ila ilitaka kwanza mtu mwenye shahada aseme kwamba si vibaya. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza jiografia miezi minne kabla, napanga chumba Glenwood, sina kazi, na meneja wa kampuni alikuwa ameshanidokeza kwamba mambo yakianza watahitaji mtu wa ofisini. Alikuwa amemwahidi kazi na mtu mwingine pia: kiongozi wa wageni wa hifadhi, ambaye mpaka wakati huo alikuwa anajitolea tu.

Nikiandika namba ndogo, mabasi hayaji na yeye anabaki bila kazi. Nikiandika kubwa, matope yanakanyagwa mpaka yafe. Niliandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka mahali pale. Nikachukua karatasi nyingine nikaitoboa nayo.

Siwezi kueleza nilivyoamua bila kueleza kwanza kiongozi huyo alikuwa nani.

Tulimwita Gadi. Wakongo wa Durban walimpa jina hilo kwa sababu mbili, na moja ilikuwa ya kumcheka. Kwao, mashariki, alikuwa gadi wa hifadhi kubwa ya wanyama, mwenye bunduki na sare. Hapa mjini alikuwa gadi wa magari: siku tano za wiki alivaa kizibao cha rangi ya chungwa akasimama mbele ya duka moja Glenwood, akiwaelekeza watu kuegesha. Furaha, Mkongo tuliyepanga naye nyumba moja, aliyekuwa akisuka nywele katika saluni ya jirani, ndiye aliyenionyesha siku ya kwanza. "Uyu mzee alikuwaka analinda ma tembo," alisema. "Sasa analinda ma Toyota. Tembo ilikuwa nafuu, haina alarm."

Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa kusalimia wakubwa. Nilimpa shikamoo. Aliniangalia, akafikiri, akajibu, "Jambo, mama." Kesho yake nikampa tena, akajibu vilevile. Nilitumia siku mbili nzima kujiuliza kama nimemkosea, mpaka Furaha akaniambia kwamba kwao hawana salamu hiyo na mzee alidhani namuuliza kitu kuhusu gari. Tangu hapo nilimwamkia kwa bonjour, naye, ili kuninyoosha, akaanza kuitikia "Marahaba" hata kwa watu ambao hawakumsalimu.

Mimi aliniita Mama Lisansiye, kwa maana ya mwenye shahada. Sikuwahi kujua kama ilikuwa heshima. Nadhani ilitegemea siku.

Alivyofika kwenye mikoko alieleza kwa namna tatu tofauti, na zote nilizisikia. Mara alikuwa ametafuta kazi ya kupakua mizigo akapotea njia. Mara alimfuata mdiria, yule ndege wa bluu mwenye mdomo mwekundu. Mara alifukuzwa na mbwa wa yadi. Kitu ambacho hakikubadilika ni kwamba alifika maji yakiwa yamejaa, akakaa juu ya gogo kula mkate, na alipomaliza kula bahari ilikuwa imeondoka. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini na hajawahi kuona kitu hicho.

"Ziwa yetu haikuwa inaenda fasi," aliniambia. "Unalala, unaamuka, unaikuta palepale. Hapa nikasema, eish, batu wameiba maji."

Basi mtu wa bara akawa mwanafunzi wa maji. Alinunua jedwali la kupwa na kujaa, kile kijitabu cha wavuvi wa kamba, akakibeba kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyobeba Agano Jipya. Mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka baharini nilijua maneno yote, bamvua na maji mafu, nilijua mchu na msinzi na mkoko wenyewe, kwa sababu babu yangu aliuza boriti. Lakini nilijua miti hiyo ikiwa imelala kwenye uwanja wetu imekatwa. Sikuwahi kukaa kuitazama ikiwa imesimama. Jambo hilo nilimficha muda mrefu. Nilipomwambia, alisema, "Haya. Babu alikata, weye utahesabu," akaendelea kumenya chungwa.

Wageni wa Jumamosi walikuwa wachache, watazama ndege na wanafunzi zaidi. Sheria zake zilikuwa fupi kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha kuegeshea magari. Watu wanane, si tisa. Unapita nilipopita. Hakuna kuchuma, hata jani lililokauka, kwa sababu jani lililokauka ni chakula cha mtu. Mtu mwenyewe alikuwa kaa. Alivuta sigara, na kila kipisi alikizima kwa mate akakitia kwenye kiberiti tupu, lakini sijamwona akimkataza mgeni kuvuta. Alimtolea tu kiberiti na kusimama karibu naye hadi amalize.

Usidhani alikuwa mtakatifu wa mazingira. Aliwachukia njiwa wa Glenwood kwa jinsi walivyochafua magari yake, akawarushia maganda. Aliwahi kula kiboko na akakumbuka ladha yake kwa undani uliomkosesha raha mama mmoja wa Kizungu. Aliwaambia wageni kwamba aliwahi kuona kiboko kwenye bandari, kati ya winchi mbili, na nilipomwuliza kama ni kweli alijibu kwamba wageni walikuwa wamechoka. Alizilaani kamera, akisema watu wanaangalia kwa jicho moja tu, lakini mtu akimwomba picha alisimama wima, akabana mikono ubavuni na kutazama mbele kama yuko kwenye gwaride.

Siku moja bwana mmoja alishuka kwenye gari langoni mwa hifadhi, akaona kizibao cha chungwa ambacho Gadi alikuwa hajakivua, akamkabidhi funguo na kumwambia asiiache gari. Gadi akatia funguo mfukoni. Akawaita watu, akaanza matembezi, na yule bwana akafuata mwishoni akidhani kiongozi atatokea mbele. Baada ya saa mbili, matope yakiwa magotini, Gadi alimrudishia funguo. "Gari iko salama," alisema. "Na kaa umeona." Bwana yule alirudi mara nyingi baadaye, na kila mara alimpa funguo kwanza, kwa makusudi, na wote wawili walibaki na uso mkavu.

Hasira yake ilikuwa ya kimya. Mtu akivunja mizizi ya mchu, ile inayochomoza kwenye matope kama penseli ili mti upumue, Gadi hakusema neno. Alijibana pua kwa vidole viwili, akamtazama mtu huyo, akaendelea kujibana mpaka mtu aelewe au aone aibu. Nilijaribu kuhesabu aliweza kukaa muda gani. Nilikata tamaa kabla yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Chuoni tulikuwa tumesoma kitabu kuhusu hifadhi za pwani za Mediterania, zile za matuta ya mchanga na vinjia vya mawe, na jinsi walivyopanga utalii usiharibu. Kulikuwa na hesabu: pima urefu wa njia, gawanya kwa nafasi ya kila kundi, zidisha kwa saa ambazo lango liko wazi. Niliipenda kwa sababu haikunihitaji niamue kitu. Nilikwenda na utepe, nikapima njia yote, nikaweka lango wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kama ofisi. Ikatoka namba kubwa, nono, yenye nafasi ya mabasi yote ya kampuni. Nikampelekea Gadi pale dukani. Alisoma tarakimu taratibu, akatoa kijitabu chake cha maji, akaweka kidole.

"Hapa uliandika iko batu, saa saba?"

"Ndiyo, Mzee."

"Saa saba iko samaki pale."

Furaha, aliyekuwa amekuja kununua mkate, alilazimika kuegemea gari la mtu. Mimi, mtoto wa Tanga, nilikuwa nimesahau kwamba bahari hujaa. Kitabu changu kilitoka pwani ambayo maji yake hayasogei sana, nami nikakiamini kuliko macho ya utotoni mwangu.

"Kule ni kama ziwa yetu," Gadi alisema baada ya kuelezwa, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari za nyumbani. "Hesabu yao si mbaya. Ni ya kwao."

Nikamwuliza basi yeye ile namba yake ya wanane aliitoa wapi. Akaniambia nije Jumamosi nisimame.

Tulisimama watu wanane ukingoni mwa matope. Tulipofika, kaa wote walikuwa wameshaingia mashimoni. Wanasikia nyayo kabla hujawaona. Gadi aliinua mkono, tukatulia. Haukupita muda mrefu, likachomoza gando moja kubwa, jekundu, likafuatwa na mwenyewe, kisha mwingine, na matope yote yakaanza kutembea. Alishusha mkono. Tukaingia. Juma lililofuata akajaribu na watu kumi na wawili, kwa ajili yangu, na kaa walikawia sana.

Nikiwa na furaha ya kuelewa kitu, nilimwambia kwamba hiyo ni kama hodi. Nikamweleza jinsi bibi yangu alivyotufundisha: unapiga hodi kwa mtu, unangoja, unapiga ya pili, unangoja, ya tatu isipojibiwa unarudi ulikotoka, bila kuchungulia dirishani na bila kinyongo, kwa sababu huenda mwenye nyumba yumo na hataki tu. Nilisema kama mtu anavyosema hadithi ya kwao. Gadi aliuliza mara mbili: "Tatu? Si ine?" Tatu, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama askari aliyepokea amri.

Jumamosi iliyofuata kampuni ilileta basi la majaribio.

Meneja alikuwa kijana mwenye haraka lakini si mtu mbaya. Alikuwa amempa Gadi shati jipya lenye nembo ya kampuni kifuani, na Gadi alikuwa amelipiga pasi mpaka mistari ya mikono ingeweza kukata mkate. Nilijua shati lile lilibeba nini. Mkewe na binti zake wawili walikuwa bado Bukavu. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba siku atakayopata kazi yenye barua, kazi ya kuandikwa, atatafuta nyumba na kuwaita. Alikuwa ameniambia hivyo mara moja tu, huku akitazama gari likirudi nyuma.

Walishuka watu thelathini na kitu. Gadi akawapanga ukingoni, akainua mkono. Mtu akakohoa. Mwingine akahamisha mguu, wa tatu akafungua pakiti ya biskuti. Hakuna kaa. Akashusha mkono, akangoja, akainua tena. Lori likapiga honi upande wa makontena, kitu ambacho kaa wale walikizoea, lakini wageni walishtuka wote pamoja na ardhi ikatikisika. Hakuna. Akainua mara ya tatu. Mimi nilikuwa nimesimama kando na daftari, natazama mashimo yale na kuomba, kweli naomba, gando moja tu litokee. Matope yalibaki matupu.

Gadi akageuka. "Hapana," alisema. "Leo hawapokei. Turudi."

Walicheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Alipoanza kutembea kuelekea basi ndipo meneja alipomfuata.

"Unajua ni nani anayekulipa?"

"Bado hakuna," Gadi akajibu. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anatoa taarifa.

Meneja akasema shati ni la wafanyakazi wa kampuni. Gadi akafungua vifungo palepale, mbele ya wageni, akalikunja kwa mistari yake ileile ya pasi, akalitoa kwa mikono miwili. Akaondoka kwa miguu kandokando ya reli, akiwa na fulana tu, bila kugeuka. Basi likaondoka pia. Nilibaki peke yangu langoni. Kaa walitoka.

Nilijilaumu siku nzima, na iliyofuata. Kama nisingemsimulia ya bibi. Kama ningesema nne. Jumatatu nilikwenda dukani nikiwa nimeandaa maneno, ambayo niliyapanga upya kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, kutoka nyumbani hadi pale. Nilimkuta amevaa kizibao chake, analisaidia gari kurudi nyuma.

"Njoo, njoo, njoo. Simama. Sharp." Kisha kwangu: "Bonjour, Mama Lisansiye. Haulale?"

"Mzee, kwa nini uliwarudisha?"

"Weye ndiye ulinifundisha. Tatu, halafu unaenda."

"Ile ilikuwa hadithi ya bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa muongo?"

"Hapana."

"Bon."

Nikamwambia niko tayari kuandika kwamba mabasi yasije kabisa. Nilidhani nitamfurahisha. Aliacha kuangalia magari akaniangalia mimi, na nikaona kwamba nimemuudhi.

"Usiandike mambo ya kunihurumia mimi, wala ya kuhurumia kaa," alisema. "Ile kazi naitaka. Nimechoka na motokari ya batu. Muke yangu iko nangoja. Na wale bageni si babaya, banataka kuona. Mimi sikusema basikuje. Nilisema leo hawapokei."

"Sasa niandike nini?"

"Mimi ni gadi. Weye ndiye ulisoma." Mwanamke mmoja alikuwa anatafuta nafasi ya gari, Gadi akamwinulia mkono, akaanza kwenda kwake, kisha akarudi hatua mbili. "Lakini uliza vizuri. Unauliza batu ngapi kwa siku. Matope haijue siku."

Hayo ndiyo yote niliyoambiwa. Nilikuwa nimekwenda nikitaka aniamulie, ama kwa kujitoa mhanga ama kwa kunisamehe, na hakufanya hata kimoja. Alikuwa anataka vitu viwili, kazi na kaa, na hakuona aibu kuvitaka vyote. Ni mimi niliyekuwa nimekaa wiki tatu nikichagua kimoja kwa niaba yake.

Nilirudi nikaandika kurasa mbili, na hazikuwa na namba ya kwa siku. Niliandika kwamba wageni waingie wanane wanane, kwa saa ambazo maji yamekupwa tu, kufuata jedwali, na siku nyingine lango lisifunguliwe kabisa. Niliandika kwamba kundi lisikanyage matope mpaka kaa watoke, na wasipotoka mara ya tatu lirudi, hata kama limetoka ng'ambo ya dunia. Niliandika kwamba asiingie mtu bila kiongozi, na kwamba anayeleta wageni ndiye atakayemwajiri kiongozi huyo, kwa barua, kabla ya basi la kwanza. Kwa kuwa nilijijua, nilimwandikia pia meneja kwamba sitaomba ile nafasi ya ofisini, nisije nikatunga sheria za nyumba ambayo nimeshapangiwa chumba. Furaha alisoma barua hiyo akasema mimi ni mjinga, kisha akanisuka bure ili nionekane mtu mbele ya kamati.

Kamati ilikutana Alhamisi. Nilisoma kurasa zangu kwa Kiingereza hadi mwisho. Meneja alikuwa amekaa mbele yangu. Alizipitia mwenyewe tena, akiwa na kalamu.

"Basi langu lina viti arobaini," alisema.

"Najua."

"Kwa hiyo wanane wanatembea na waliobaki wanangoja."

"Wanangoja zamu yao, ndiyo. Na kuna ndege wa kutazama kutoka langoni."

Alipiga mstari chini ya kitu fulani. Mwenyekiti akataka kusema, lakini meneja aliwahi.

"Meli inayofuata inafika Jumamosi ya wiki ijayo. Siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi? Na tukileta arobaini, wa mwisho watawahi?"

Sehemu ya kwanza niliweza kuijibu. Jedwali lilikuwa kwenye mkoba wangu. Ya pili sikuijua, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe kazi ile sikuona haja ya kujifanya naijua. Nikasema swali hilo lina mwenyewe, na kwamba nimekuja naye, yuko kwenye benchi huko nje. Mwenyekiti alisema hakuwa kwenye ajenda. Nikasema ni kweli, hakuwa, nikaondoka kwenye kiti changu kabla sijaanza kufikiri, nikaenda kumfungulia mlango.